Biashara ya Umeme wa Jua Katika Nyumba za Mashambani Kenya

Historia ya umeme katika Kenya aghalabu huandikwa kama historia ya mitambo mikubwa: mabwawa ya Mto Tana, mvuke wa ardhini wa Olkaria, na nguzo zilizofuata barabara kutoka mji hadi mji. Hiyo ni historia ya kweli, lakini haikutimia. Kando yake, tangu mwaka 1984, iliota historia nyingine iliyokuwa haina karakana kubwa wala sherehe ya kukata utepe. Ni historia ya wakulima, walimu na wenye maduka walionunua umeme wao wenyewe, leo betri, mwakani paneli, kama mtu anunuavyo bati moja moja hata nyumba ikaezekwa. Biashara hiyo ilitangulia mipango ya serikali, ikaistaajabisha dunia ya wataalamu, na ikaibua swali ambalo halijapata jibu lililokubaliwa na wote: je, soko peke yake laweza kumpelekea maskini nuru?

Ili kuelewa kwa nini biashara hiyo ilizaliwa, hapana budi kutazama kwanza jinsi umeme wa nguzo ulivyoingia nchini. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alileta mtambo wa kuzalisha umeme katika mji huo, na mwaka huo huo mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kuuzia umeme mji wa Nairobi. Kampuni zilizotokana na juhudi hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikawa kampuni moja ya Afrika Mashariki. Tangu mwanzo, basi, umeme ulikuwa bidhaa ya bandari, ya reli na ya mji. Uliangaza ofisi, hoteli, viwanda na nyumba za wenye uwezo. Mwafrika wa mashambani aliuona alipokwenda mjini kutafuta kazi, akarudi nyumbani kwenye koroboi yake.

Uhuru uliopatikana mwaka 1963 ulibadili mengi, walakini haukuweza kubadili upesi hesabu ya waya. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968, na mengine yakafuata juu na chini yake katika Mto Tana. Umeme huo ulipita juu ya mashamba ya watu ukaenda Nairobi. Serikali ilianzisha mpango wa umeme wa vijijini mwaka 1973, lakini nyumba za mashambani Kenya hazikujengwa bega kwa bega. Kila jamaa hukaa katika shamba lake, mlima na bonde kati ya jirani na jirani. Nguzo, waya na transfoma za kumfikia mtu mmoja ziligharimu fedha nyingi kuliko bei ya umeme ambao angetumia kwa taa tatu na redio. Hata sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba nyumba zilizowaka taa za umeme zilikuwa karibu 23 tu katika kila 100 za nchi nzima, nyingi zaidi zikiwa mijini.

Hata hivyo watu wa mashambani hawakukaa kungoja. Kabla ya paneli ya kwanza kufungwa juu ya paa la mkulima, palikuwako tayari umeme wa namna fulani vijijini. Redio zilitumia betri kavu, zilizonunuliwa dukani, na zilipokaribia kufa zilianikwa juani ili zitoe nguvu yao ya mwisho. Mwenye uwezo zaidi alinunua televisheni ndogo nyeusi na nyeupe ya volti 12 na betri ya gari. Betri ilipokwisha nguvu aliifunga nyuma ya baisikeli au aliipakia katika matatu, akaipeleka kwa mwenye duka la kuchaji mjini, akairudia baada ya siku moja au mbili. Safari hiyo ilikuwa na gharama ya nauli, gharama ya kuchaji, na hatari ya maji makali ya betri kumwagikia nguo na ngozi. Maana ya jambo hili ni kubwa katika historia yetu. Soko la umeme wa jua halikumfundisha mtu wa kijijini kutaka umeme, kwani tayari alikuwa ameuonja na kuutolea fedha. Lilimwondolea safari.

Chombo chenyewe kilitoka mbali. Mwaka 1839 Mfaransa Edmond Becquerel aligundua kwamba mwanga waweza kuzalisha umeme. Ikapita zaidi ya karne moja kabla ya elimu hiyo kuwa kifaa cha kutumika: mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walitengeneza seli ya silikoni iliyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kutosha kuendesha mashine ndogo. Mwaka 1958 seli za namna hiyo zilirushwa angani katika setilaiti ya Vanguard 1. Wakati huo bei yake ilimfaa mwenye setilaiti pekee. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iligharimu takriban dola 100 kwa thamani ya fedha ya siku hizi. Kufikia mwaka 2019 bei hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu dola. Katika mporomoko huo wa bei ndimo historia yote inayofuata ilimopata nafasi.

Katika Afrika paneli za kwanza ziliwekwa na wenye fedha za umma au za misaada: penye mitambo ya simu iliyo mbali na miji, penye majokofu ya chanjo, na katika hospitali za misheni. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya asili mpya za nishati. Mafuta yalikuwa yamepanda bei mara mbili katika muda wa miaka minane, na mataifa yalitafuta njia nyingine. Maneno mengi mazuri yalisemwa. Walakini soko la majumbani halikutoka katika ukumbi wa mkutano. Lilitoka katika shule moja ya harambee katika nchi ya Meru.

Shule hiyo iliitwa Karamugi. Mmoja wa walimu wake alikuwa Mmarekani kijana, Mark Hankins, aliyeletwa na kikosi cha kujitolea cha Peace Corps. Shule ilitaka taa ili wanafunzi wasome usiku, na shauri lililokuwapo lilikuwa kununua jenereta ya dizeli. Hankins alifahamiana na Mmarekani mwingine, mhandisi Harold Burris, ambaye mwaka 1984 alikuwa amefungua biashara aliyoiita Solar Shamba. Shule ikashawishika kuacha jenereta na kuweka paneli. Jambo lililofanywa na watu hao wawili ambalo lilidumu kuliko paneli zenyewe lilikuwa mafundisho. Waliwachukua mafundi wa umeme wa pale pale wakawaonyesha jinsi ya kufunga paneli, kupitisha nyaya, kupima betri na kuhesabu mzigo wa taa. Mwaka uliofuata shule nyingine zilipata mitambo kwa msaada wa fedha za Marekani, na mafundi zaidi walifundishwa.

Wazazi waliokuja shuleni waliona taa zikiwaka pasipo ngurumo ya injini. Walimu wakataka taa kama hizo katika nyumba zao. Wakulima wa kahawa na chai wakauliza bei. Hapo ndipo jambo lililodhaniwa kuwa la misaada lilipogeuka kuwa biashara. Wala si bahati tupu kwamba lilianzia katika miteremko ya Mlima Kenya. Huko palikuwa na mazao ya kuuzwa ng'ambo, malipo ya mwisho wa mwaka ya majani ya chai, mishahara ya walimu, barabara za kupitia, na nyumba za bati zilizo imara. Palikuwa pia na jambo la kuumiza moyo: umeme wa Tana ulizalishwa karibu, lakini haukushuka kutoka katika waya zake. Fedha, hamu na kinyongo vilikutana mahali pamoja.

Serikali nayo ilisaidia kwa kutotoza. Mwaka 1986 iliondoa ushuru wa forodha juu ya vifaa vya umeme wa jua, na ingawa ushuru huo ulirudi na kupunguzwa tena katika miaka iliyofuata, nafuu ya kwanza iliipa biashara nafasi ya kusimama. Wenye maduka ya jumla Nairobi walianza kuagiza paneli. Viwanda vya nchini vilivyotengeneza betri za magari vikaanza kutengeneza betri za sola. Mafundi waliofundishwa Meru wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wenzao, hata ukafika wakati ambapo karibu kila mji mdogo wa mashambani, kutoka Nkubu na Karatina hadi Kisii na Bungoma, ulikuwa na duka lililotundika paneli mlangoni na kijana aliyejua kuifunga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulitokea badiliko lililoipa biashara hii umbo lake maalumu. Ziliingia paneli ndogo za silikoni isiyo na fuwele, zenye nguvu ya wati 10 hadi 14 tu, kwa bei ambayo mwalimu au mwenye ng'ombe wawili wa maziwa aliweza kuifikia. Wataalamu wa nchi tajiri walizidharau. Mtambo wa nyumbani, kwa mafundisho yao, ulitakiwa uwe na paneli ya wati 40 au 50, kidhibiti cha kulinda betri, taa maalumu na nyaya za kipimo sahihi, vyote vikinunuliwa pamoja. Mnunuzi wa Kenya hakununua hivyo. Alianza na televisheni na betri, akangoja mavuno, akanunua paneli ndogo, akangoja tena, akaongeza taa. Kidhibiti aghalabu hakukinunua kabisa. Betri yake, kwa kukosa ulinzi, ilikufa mapema, naye akaona heri kununua nyingine baadaye kuliko kukosa umeme leo. Haba na haba, husema wahenga, hujaza kibaba. Na kwa kibaba hicho soko lilijazwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 idadi ya mitambo iliyouzwa ilikuwa imefika makumi ya maelfu. Mwaka 1996 Richard Acker na Daniel Kammen walichapisha uchunguzi wao, wakaliita jambo lililotokea Kenya mapinduzi ya kimya. Kimya, kwa kuwa nyumba za mashambani zilizopata umeme kwa kununua paneli zilishindana kwa wingi na zile zilizofikiwa na mpango wa serikali wa umeme wa vijijini, na hayo yalitendeka bila wizara kuyatangaza. Robert van der Plas na Hankins waliuliza nyumba 410 zenye mitambo, wakatoa matokeo yao mwaka 1998 wakionyesha kwamba umeme wa jua katika Afrika si ndoto tena. Miaka ya 2000 ilipokwisha, mitambo iliyouzwa ilihesabiwa kufika takriban 300,000. Nchi chache sana zilizo maskini zingeweza kujilinganisha na Kenya kwa hesabu hiyo, na nyingi kati ya hizo zilifika pale kwa ruzuku.

Sifa hizo zilikuja wakati ambapo mashirika makubwa ya fedha yaliyahimiza mataifa ya Afrika kupunguza kazi za serikali na kuliachia soko. Kwa hiyo Kenya ikawa mfano uliotajwa kila mahali. Ikasemwa kwamba huu ndio ushahidi: waache watu wanunue na wauze, na nuru itafika yenyewe. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kusimama na kuuliza, ilifika kwa nani, nayo ilitumika kwa nini?

Swali hilo lilijibiwa kwa uangalifu na Arne Jacobson, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2007. Aliona kwamba faida kubwa ya umeme wa jua iliwaangukia watu wa tabaka la kati la mashambani: walimu, watumishi wa serikali, wenye maduka, na wakulima wa mazao ya biashara. Aliona pia kwamba umeme huo ulitumika kidogo katika kazi za kuleta mapato, na kwa kiasi fulani tu katika masomo ya watoto. Matumizi yaliyoongoza yalikuwa televisheni, redio na simu. Paneli ndogo ina umeme wa kugawa, na mgawanyo ni mamlaka. Katika nyumba yenye wati 12, saa moja ya habari sebuleni ni saa moja isiyokuwapo jikoni, ambako mama hupika kwa moshi na koroboi, au mezani pa mtoto mwenye mtihani. Kwa hiyo paneli iliyokuwa juu ya paa moja haikuwaangaza sawasawa wote waliolala chini ya paa hilo.

Walakini si haki kuicheka televisheni. Wataalamu wengi waliokuja kupima umeme wa jua walitafuta vitabu vya shule na cherehani, na walipokuta watu wanatazama mpira na michezo ya kuigiza walihuzunika, kana kwamba maskini ana ruhusa ya kutaka mambo ya manufaa tu. Nyumba ya mjini haijapata kuulizwa umeme wake unaongeza mapato gani. Mkulima wa Kirinyaga aliyesikia hotuba ya bajeti usiku ule ule ilipotangazwa, aliyeona sura za mawaziri wake na bei za bidhaa za Nairobi, alikuwa ameingizwa katika baraza la nchi ambalo zamani lilimwacha nje. Kuwa katika baraza hilo ni faida, ingawa si ya kuhesabiwa kwa shilingi. Lakini pia ni kweli kwamba kupitia baraza hilo matangazo ya sabuni, soda na sigara yalimfikia mlangoni, na kwamba aliyekosa paneli aliachwa nyuma zaidi kuliko alivyokuwa kabla jirani yake hajanunua.

Udhaifu wa pili wa soko ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa uligusa uaminifu. Mnunuzi wa mahindi aweza kuyaona, kuyashika na kuyapima kwa kibaba, wati haionekani. Paneli mbili zaweza kufanana kama pacha, moja ikawa na nguvu iliyoandikwa nyuma yake na nyingine ikawa na nusu. Zaidi ya hayo, silikoni isiyo na fuwele hupungua nguvu katika miezi ya kwanza ya kupigwa na jua, kisha hutulia. Muuzaji asiye mwadilifu aliandika kipimo cha siku ya kwanza. Mkulima alipoona televisheni inazimika mapema alilaumu mawingu, au betri, au fundi, na paneli yenyewe ikabaki juu ya paa bila kushitakiwa. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa chuo kikuu pamoja na wenyeji ulipima paneli hizo, ukaonyesha kwamba aina kadhaa zilitimiza ahadi zao au kuzikaribia, ilhali nyingine ilikuwa chini mno. Matokeo yalipotolewa hadharani wauzaji walirekebisha bidhaa zao. Miaka michache baadaye zikaja aina mpya zenye kasoro ile ile, na kazi ya kupima ikaanza upya.

Habari hii ndiyo kiini cha somo lote. Ushindani peke yake haukumwondoa mdanganyifu, maana mnunuzi hakuwa na kipimo cha kumtambua. Kinyume chake, mdanganyifu aliweza kuuza kwa bei ya chini kidogo na kumwondoa mwaminifu. Rahisi ghali, husema watu, lakini asiyejua kama ameuziwa kitu rahisi au kitu kizuri hawezi kuutumia usemi huo kujikinga. Biashara ilihitaji mtu wa tatu kati ya muuzaji na mnunuzi, mwenye mizani na mamlaka. Shirika la kusimamia ubora wa bidhaa nchini likaweka viwango, na mwaka 2012 zikatungwa kanuni za umeme wa jua zilizomtaka fundi awe na leseni. Tangu mwaka 2009 mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia ulikuwa umeanza kupima taa ndogo za jua na kuzipa cheti. Mambo haya yalichelewa zaidi ya miaka 20 tangu Karamugi, na gharama ya kuchelewa ililipwa na wanunuzi.

Mkono wa serikali na wa mashirika haukuwa na hekima kila mara. Mwaka 1998 tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na makampuni binafsi lilianza mpango wa dola milioni 25 wa kukuza biashara ya umeme wa jua katika India, Kenya na Morocco. Sehemu ya Kenya ilikuwa milioni 5. Fedha zilikuwapo, lakini masharti ya mikopo yalitengenezwa kwa kipimo cha makampuni makubwa, ilhali soko la Kenya lilikuwa la maduka madogo na vyama vya akiba na mikopo. Miaka ikapita fedha hazikutembea, hata mpango ukageukia mafunzo na ubora. Kodi nayo ilipanda na kushuka. Sheria ya mwaka 2013 iliondoa msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa vifaa vya jua. Mwaka 2014 msamaha ukarudi. Mwaka 2020 ukaondolewa, na mwaka 2021 ukarudishwa tena. Mwenye duka asiyejua bei ya mwakani itakuwa nini huagiza kidogo na kuuza ghali.

Ukurasa mpya ulifunguliwa na simu. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, na katika miaka michache mtu wa kijijini aliweza kulipa shilingi 50 kwa mtu aliye mbali bila kupanda gari. Nick Hughes, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa M-Pesa, pamoja na Jesse Moore na Chad Larson, walianzisha kampuni ya M-KOPA, ambayo ilianza kuuza kwa wingi mwaka 2012. Mnunuzi alitoa malipo ya kwanza ya takriban shilingi 3,000, akapewa paneli ya wati 8, taa, redio na waya za kuchajia simu, kisha akalipa shilingi 50 hivi kila siku kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ndani ya kisanduku cha betri mliwekwa kadi ya simu. Aliyelipa aliwashiwa, asiyelipa alizimiwa na kompyuta. Deni lilipokwisha mtambo ukawa wake. Kufikia mwaka 2018 kampuni hiyo ilikuwa imeingia katika nyumba zaidi ya 500,000 za Afrika Mashariki, na nyingine zikafuata njia hiyo.

Wenye kuusifu mpango huu husema kwamba shilingi 50 kwa siku ilikaribiana na fedha ambazo maskini alizitumia tayari kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu dukani, ila sasa alilipia mali, si moshi. Hoja hiyo ina nguvu. Mtu aliyekuwa hawezi kukusanya fedha za paneli kwa pamoja alipata taa siku ile ile, na watoto wake wakaacha kuvuta masizi. Ni neema ambayo miaka 28 ya soko la fedha taslimu haikuweza kumpa. Lakini upo upande wa pili. Bei yote ikijumlishwa ilikuwa kubwa kuliko bei ya taslimu, maana ndani yake mlikuwa na riba, hatari na gharama za wakala. Na muhimu zaidi, taa ambayo mtu wa mbali aweza kuizima si mali kamili ya yule anayeiwasha. Mkulima wa mwaka 1990 aliyenunua paneli yake kipande kipande alikaa gizani kwa miaka akingoja, lakini alichokinunua kilikuwa chake tangu siku ya kwanza. Kukopa harusi, kulipa matanga: usemi huu wa kale ulipata maana mpya usiku wa mwezi ambao mvua ilichelewa na maziwa yakakauka.

Wala wakopeshaji wenyewe hawakukaa salama. Kampuni inayouza kwa mkopo hulipa leo na kupokea kesho. Ikipanuka upesi, hukosa fedha upesi. Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyofanya kazi Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia katika ufilisi mwaka 2019, ikanunuliwa na kampuni kubwa ya nishati ya Ufaransa.

Wakati huo huo nguzo zilikuwa zinakuja. Mwaka 2015 serikali ilishusha malipo ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ikaruhusu yalipwe kidogo kidogo, na mamia ya maelfu ya nyumba zikaunganishwa. Wengi walitazamia kwamba sola ingekufa. Sensa ya mwaka 2019 ikaonyesha habari nyingine: nyumba 50.4 katika kila 100 ziliwaka taa za umeme wa nguzo, na 19.3 ziliwaka taa za jua. Nyumba moja karibu katika kila tano ilikuwa imejiangazia yenyewe, nayo koroboi ikarudi nyuma kuliko ilivyopata kurudi kabla. Lakini mikoa ya ukame, ambako ng'ombe na ngamia ndio benki na nyumba huhama na malisho, ilibaki mbali na wauzaji kama ilivyobaki mbali na nguzo. Ndiyo sababu mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14, tangu Turkana na Mandera hadi Lamu na Kwale. Kuwapo kwa mpango huo ni ungamo la wazi kwamba soko, baada ya miaka zaidi ya 30, lilifika mahali likakoma.

Lipo jambo moja lililokaa muda mrefu pasipo kutajwa katika hesabu hizi. Kila betri iliyokufa ilikwenda mahali. Betri za risasi, za magari na za sola, hukusanywa na kuyeyushwa, na risasi ni sumu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likaendelea kwa rufani. Umeme wa jua husifiwa kwa usafi wake, na juu ya paa ni safi kweli. Usafi huo hauna budi kupimwa pia mahali betri inapokwenda kuzikwa.

Basi swali lililoulizwa mwanzoni laweza kutazamwa tena kwa macho ya historia. Soko liliwapelekea nuru watu wengi ambao serikali ilikuwa haijawafikia. Kulikana hilo ni kuwanyima sifa mafundi na wanunuzi waliolijenga kwa mikono na jasho lao. Lakini lilianza kwa mwalimu aliyefundisha, likakua kwa ushuru ulioondolewa, likaokolewa na kipimo cha wachunguzi, na likapanuliwa na mtandao wa simu uliosimamiwa na sheria. Kila lilipoachwa peke yake lilimtafuta mwenye fedha kwanza, na mara nyingine likamdanganya. Mataifa yanayotaka kuiga Kenya yafaa yaige mambo yote pamoja: fundi, mizani, ushuru mwepesi, na mfuko wa umma kwa yule ambaye muuzaji hatamfikia. Atakayechukua soko peke yake na kuyaacha hayo mengine atakuwa amenunua paneli asiyoijua wati zake.